Mzee Yuko Ndani

"Nataka kuwaua wote," Miraji alisema kwenye simu. "Niambieni tu nimwache nani."

Ndivyo wanavyoongea watu wa kompyuta, na mimi lugha yao hiyo sijawahi kuipenda. Hawamtoi mtu kwenye mashine, wanamuua. Miraji alikuwa mjini Singida, kwenye kampuni iliyotufungia mfumo wa mradi wetu wa maji. Sisi tulikuwa ofisini huku kijijini, mbele kidogo ya Mtinko: mimi Ritha, ninayesoma mita na kuhudumia wateja dirishani, na mwenzangu Asnath, anayesimamia mashine na kutoa bili. Simu ya ofisi tulikuwa tunaiweka spika siku zote kwa sababu sehemu yake ya kusikilizia ilishaharibika. Kwa hiyo kila neno nililisikia, na mama mmoja aliyekuwa dirishani akilalamikia bili yake alilisikia pia. Akanitolea macho.

"Wanaongea mambo ya kompyuta, mama," nikamwambia. "Hauawi mtu hapa."

Inabidi nieleze kidogo habari za mashine hiyo, maana bila hivyo hutaelewa kwa nini mpaka leo nikisikia sauti ya Miraji natamani kumrushia kitu. Mashine yenyewe iko mjini. Huku kwetu tuna vioo vitatu tu, kila kimoja na kibodi yake. Ukitaka kufanya kazi unaandika jina lako na neno lako la siri, na mashine inakufungulia kikao. Kikao hicho ni chako peke yako. Ukimaliza kazi unatakiwa ujitoe mwenyewe, ndipo kifungwe. Sasa nani anajitoa? Mtu anasikia chai imeiva, anainuka na kuondoka. Au umeme unakatika, kioo kinazimika, lakini kule mjini kikao chake kiko wazi vilevile na mashine inamhesabu kwamba yupo. Ikifika mwisho wa mwezi, mashine inakuwa imebeba watu chungu nzima ambao hawapo, na bili zinagoma kutoka.

Aliyeongoza kwa kosa hilo alikuwa mwenyekiti wa kamati ya maji, Mzee Ezekieli. Jina la kuingilia alipewa kwa heshima tu, hakuwa na kazi yoyote ya kufanya mle. Alikuwa anakuja, anaketi, anaandika jina lake kwa kidole kimoja, na mashine ikimkubali anatabasamu, anatuaga, anaondoka zake. Kikao chake kilikuwa kinabaki wazi wiki nzima, na hakuna aliyethubutu kumwambia.

Mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa na sababu ya maana ya kuacha kikao wazi, naye ni Mzee Zefania, fundi wa pampu.

Pampu yetu iko bondeni kwenye kisima kirefu, na inasukuma maji mpaka kwenye tangi la zege lililo juu ya kilima cha mawe. Inajiongoza yenyewe. Tangi likipungua, mashine inaiwasha, likijaa, inaizima. Shida inakuja siku ya kusafisha tangi. Siku hiyo ni lazima maji yote yatolewe, na mashine ikiona tangi tupu itataka kuwasha pampu saa ileile, na fundi yuko ndani anasugua. Kwa hiyo mtaalamu aliyekuwepo kabla ya Miraji alimtengenezea Mzee Zefania amri fupi, akaiita "shika". Mzee anaingia kwa jina lake, anaandika shika, na pampu inatulia muda wote ambao kikao chake kiko wazi. Akirudi anajitoa, na pampu inaendelea na kazi yake. Ilifanywa hivyo makusudi, ili amri isije ikasahaulika na kijiji kikalala bila maji.

Mzee aliipenda sana amri hiyo. "Nikiwa ndani ya tangi, niko ndani ya kompyuta vilevile," alikuwa anasema. "Inanishikia mlango."

Na ili mtu asiguse kioo chake, alikuwa anakivalisha kofia. Kofia ya Mzee Zefania ikiwa juu ya kioo cha pembeni, ofisi nzima inajua mzee yuko tangini, na hata mfagiaji anakizunguka kioo kile kwa mbali. Lakini Miraji, huko mjini, kofia haioni. Anachoona yeye ni orodha ya majina, na mbele ya kila jina, muda ambao mwenye jina hajagusa kibodi. Kwa mashine, mtu asiyegusa kibodi hana kazi anayoifanya.

Siku ile kofia ilikuwa juu ya kioo tangu asubuhi. Mzee alikuja mapema, akakohoa mlangoni kama kawaida yake ili mkamwana wake ajue kwamba anaingia, maana Asnath ni mke wa mwanawe, Mathayo. Nilimwamkia, "Shikamoo, Mzee," akaitikia, akaniuliza habari za nyumbani Itigi. Asnath aliinama, macho chini, akasogea ukutani mpaka mzee alipopita. Alute, kibarua anayemsaidia kusafisha, alikuwa ameenda msibani kijiji cha pili. Nikamwambia mzee asubiri kesho. Akasema tope lenyewe si jingi, na maji yalishafunguliwa tangu jana yatoke, akisubiri watu wataamka kesho na ndoo tupu. Aliandika amri yake, akavua kofia, akakivalisha kioo, akatoka.

Asnath ni mtoto wa Iguguno, na alivyolelewa yeye, mkamwana hataji jina la baba mkwe wake. Halitaji akiwa naye wala akiwa hayupo, kwa hasira wala kwa utani. Tuna mteja mmoja kule mnadani mwenye jina hilohilo. Asnath alikuwa anamwita "Jina la Baba" mpaka mwenyewe akazoea, akawa anaitika. Hata kuliandika alikuwa haliandiki. Ikibidi jina hilo liingie kwenye mashine, alikuwa ananiita, "Ritha, njoo uniandikie," naenda, naandika, anarudi kwenye kiti chake. Mimi nimekulia Itigi kwenye nyumba za reli, mtaa wenye watu wa kila kabila, na mambo haya nilikuwa nayacheka waziwazi. Nilikuwa namwambia mashine haina ukwe na mtu. Alikuwa anacheka na yeye, lakini haandiki.

Basi, Miraji akauliza tena. "Nimwache nani, dada? Nina bili za vijiji vingine zimekwama hapa, mashine haipumui. Watu kibao wako ndani na wote wako kimya tangu asubuhi. Nani anafanya kazi kweli?"

Asnath aliandika herufi moja, w, na orodha ikajitokeza kwenye kioo chake. Nilimwona akiipitishia kidole mpaka mahali fulani, kidole kikasimama.

"Mimi unaweza kunitoa," akasema. "Na Ritha pia. Mwache baba."

"Baba yupi?"

"Mzee."

"Mzee?"

"Ee, mzee wetu. Huyo usimguse kabisa, yuko ndani."

"Sawa, nimemwona. Mzee anabaki, wengine nawaua. Asante, dada."

Simu ikakatika.

Watu wameniuliza sana kwa nini Asnath hakusema "fundi wa pampu". Ni rahisi kuuliza ukiwa umekaa kwenye kiti na soda mkononi. Mtu aliyelelewa vile hatafuti neno, neno analo tayari. Ni baba, na baba lisipoeleweka, ni mzee. Mle ofisini nani asingeelewa? Yule mama wa dirishani, ambaye kompyuta hajawahi hata kuigusa, alielewa, maana nilimwona akiangalia kofia. Lakini Miraji alikuwa mgeni kazini, hajawahi kukanyaga kwetu, na mzee aliyemjua yeye ni mwenyekiti. Tena sisi wengine wote tulisajiliwa kwenye mashine kwa majina matupu. Mwenyekiti peke yake ndiye aliyedai jina lake liandikwe kwa heshima yake yote, likaandikwa mzee-ezekieli.

Wakati ule hayo yote sikuyafikiria. Nilimalizana na yule mama, akaenda zake. Kioo cha Asnath kikafutika, kikarudi kuuliza jina, kama ilivyotakiwa, akaingia upya. Mashine ilikuwa nyepesi sasa. Printa ikaamka, ikaanza kutema bili moja baada ya nyingine, nikafurahi kwa sababu nilijua mchana ule tutakula mapema.

"Imepona," nikasema.

Asnath alikuwa anaangalia kioo chake, amekunja uso.

"Ritha," akasema kwa sauti ndogo. "Hebu inua kofia."

"Inua mwenyewe, mimi napanga bili."

"Siwezi kuishika, ni vazi la baba, si unajua? Inua."

Nikaenda huku nanung'unika, nikainua kofia ya mzee. Kioo kilikuwa cheusi. Juu kabisa pembeni kulikuwa na neno moja, Jina, na mbele yake alama ndogo inayowaka na kuzima, ikisubiri mtu aandike.

Nilisimama pale na kofia mkononi kama mjinga. Halafu nikaenda nyuma ya kiti cha Asnath. Orodha ilikuwa fupi, majina mawili tu: lake mwenyewe na mzee-ezekieli. Chini ya orodha kuna mstari wa pampu. Tangu asubuhi ulikuwa umeandikwa IMESHIKWA. Sasa ulikuwa umeandikwa INASUKUMA.

"Amemuua," Asnath akasema.

Alimaanisha kikao. Lakini niliona na yeye amelisikia neno lake mwenyewe, akaweka mkono mdomoni.

"Andika shika!" nikamwambia. "Andika wewe!"

Akaandika. Mashine ikajibu kwamba hana ruhusa. Nikamsukuma, nikaingia kwa jina langu, nikaandika, ikanijibu vilevile. Amri ile ilikuwa ya mtu mmoja. Neno la siri la mzee alilijua mzee peke yake, na nyumba ya pampu kule bondeni ina mlango wa chuma na kufuli, na ufunguo anatembea nao mwenyewe, kwa sababu Mzee Zefania ni mtu wa tahadhari. Tulimpigia Miraji kwa simu ya Asnath, tukaambiwa inatumika. Tukapiga tena, inatumika. Tukapiga simu ya mzee. Hiyo iliita vizuri kabisa, ikaita mpaka ikakata.

Tangi lile lina tundu moja tu, juu, la kupitisha mtu mmoja. Ukitaka kuingia unashusha ngazi ya mbao kupitia hapo. Bomba la kuingizia maji nalo linapanda kutoka chini, ndani ya tangi, palepale kando ya tundu, kwa hiyo maji yakija yanadondoka juu ya ngazi kwa nguvu ambayo mtu hawezi kuipanda. Na yanakuja pamoja na dawa, ile klorini, ambayo ukiifungua tu chupa yake ofisini tunatoka nje wote tukikohoa. Kuogelea huku kwetu nani anajua? Mzee hakujua, Asnath hakujua, mimi sijui.

Nilichukua kamba stoo, nikaifunga ncha moja kitanzi palepale mlangoni, Asnath akaivaa begani. Nikawasha pikipiki ninayosomea mita, akapanda nyuma, tukaondoka bila hata kufunga ofisi.

Kilima unakiona kutoka ofisini, na tangi juu yake, jeupe. Ukilitazama kwa macho unaona ni hapo tu. Lakini njia inazunguka mashamba, na alizeti zilikuwa zimekauka zinasubiri kuvunwa, zimesimama pande zote mbili, kwa hiyo tangi lilikuwa linapotea na kutokea tena, na kila lilipotokea niliona halijasogea. Kwenye kituo cha kuchotea maji wanawake walikuwa wameketi na ndoo zao. Belinda, jirani yangu, akanipungia mkono. "Ritha! Maji yanarudi leo?" Nilipita bila kupunguza mwendo. Nilisikia wakinicheka kwamba nimepata kiburi.

Pale korongoni bomba kuu linatoka nje ya ardhi na kuvuka juu ya mawe. Nilipunguza mwendo kwa sababu ya changarawe, na tukalisikia. Lilikuwa linatetema na kutoa mlio mzito, wa chini, usiokatika. Maji yalikuwa yanapita mle ndani kwenda kulekule tunakoenda, na yalikuwa yametutangulia. Asnath alianza kusali nyuma yangu kwa Kinyiramba.

Simu yake ikalia. Ilikuwa Miraji.

"Vipi dada, naona mmenipigia sana! Mashine imepona?"

Sauti ya mtu mwenye furaha zake. Asnath alikuwa ameishika simu katikati ya vichwa vyetu, karibu na sikio langu.

"Umemtoa nani?" akapiga kelele.

"Wote. Nimemwacha mzee, kama ulivyoniambia."

"Siyo huyo mzee! Mzee mwingine! Baba!"

"Baba yupi tena? Dada, sikuelewi, upepo mwingi. Nitajie jina nijue ni yupi."

Nilisikia Asnath akivuta pumzi. Niliisikia shingoni kwangu, pumzi ndefu ya mtu anayetaka kusema kitu, na haikutoka na neno lolote. Sijui kama angelitaja. Sikumsubiri.

"Zefania!" nikapiga kelele mpaka pikipiki ikayumba. "Zefania yuko ndani ya tangi! Ndani ya tangi, wewe! Zima pampu!"

Miraji akasema, "Mungu wangu," na sauti yake haikuwa tena ya mtu mwenye furaha. "Msikate. Naingia. Msikate."

Asnath alinibana kiunoni mpaka nikaumia. Tulifika chini ya kilima, mahali ambapo pikipiki haiendi tena, nikaitupa chini bila kuzima. Tukaanza kupanda mawe, mimi mbele. Tukiwa katikati nikasikia Miraji kwenye simu akisema, "Imezimwa. Pampu imezimwa. Dada? Imezimwa!" Nikaanza kulia huku napanda. Nilisema moyoni, basi, Mungu ametusaidia.

Juu kulikuwa kimya. Hakukuwa na mlio wa maji wala wa kitu chochote, upepo tu. Nilishika vyuma vya ubavuni mwa tangi, nikapanda mpaka kwenye paa lake la zege. Nguo za mzee zilikuwa kando ya tundu: shati, suruali, na ya ndani, zote zimekunjwa vizuri na kuwekewa jiwe zisipeperuke. Simu yake ilikuwa juu ya shati, na ufunguo wa pampu kando yake. Harufu ya dawa ilikuwa inatoka kwenye tundu na kuchoma macho.

Nikalala kifudifudi, nikaingiza kichwa. "Mzee!"

"Nani?"

Sauti ilitoka kwenye giza, imekwaruzwa, lakini ilikuwa yake. Sitaisahau raha niliyoipata kwa neno lile moja.

"Ni Ritha, Mzee! Pampu imezimwa!"

"Nimeona." Alikohoa, akakohoa tena. "Ngazi iliangushwa na maji. Nimekumbatia bomba hapa. Chini sigusi. Mikono imechoka, mwanangu, fanya haraka."

Macho yangu yalizoea giza, nikamwona. Ngazi ilikuwa inaelea upande wa pili. Mzee alikuwa amelikumbatia bomba kwa mikono yote miwili, maji yamemfika kifuani, kichwa chake si mbali nami. Kamba ilikuwa bado begani kwa Asnath, naye ndiyo kwanza anapanda vyuma. Nikaivuta kutoka kwake bila kugeuka, nikaishusha ndani na kitanzi chake.

"Ipitishe kwapani, Mzee. Tuko wawili, tutakuvuta."

"Sawa," akasema. Alitoa mkono mmoja kwenye bomba, akaunyoosha juu. Vidole vyake vilikuwa vinakaribia kamba, nikaishusha kidogo zaidi.

Asnath alikuwa ameisikia sauti ile. Muda wote njiani alikuwa ameshamzika, nadhani, na sasa amesikia anaongea. Alikuja kwa magoti juu ya zege, akanisukuma pembeni kwa bega, akaingiza kichwa chote kwenye tundu.

"Baba!" akaita. Ilikuwa furaha tupu.

Mzee alitazama juu. Jua la mchana lilikuwa linaingia kwenye tundu na kumwangukia lote, na hakuwa na kitu mwilini. Aliona uso wa mkamwana wake.

Aliliachia bomba. Msije mkaniambia kwamba aliteleza, mimi nilikuwepo, hakuteleza. Aliliachia. Mkono uliokuwa juu ukashuka, na ule wa kwenye bomba ukashuka, yote miwili kwa haraka kwenda kujifunika, na uso wake akaugeuzia ukutani. Maji yakamfunika kichwa. Hayakupiga kelele kubwa.

Asnath hakuliona hilo. Ile kuona tu kwamba baba mkwe wake hana nguo, alijirusha nyuma kama aliyeungua, akageuka, akajifunika uso na kanga. Sasa alikuwa ameketi juu ya zege akiwa amenipa mgongo. Alichukua ncha ya kamba kwa kupapasa, akaizungusha kiunoni, akakaza visigino kwenye ukingo, tayari kuvuta.

"Nisamehe, Baba," akasema, akiangalia kule kwenye mashamba. "Sijaona kitu. Sijaona kitu kabisa. Wewe shika kamba tu, mimi siangalii."

Nilikuwa naangalia maji. Yalikuwa yanatikisika pale alipokuwa, halafu yakapunguza kutikisika.

"Ritha," Asnath akaniuliza, bado hajageuka. "Ameshika?"

Nilivuta kamba. Ilikuja nyepesi, yote, na niliendelea kuivuta kwa sababu sikujua la kumwambia.